Barua ya wazi kuhusu mitungi ya nitroksi tunayovuta chini ya Ziwa Kivu

Goma

Kwa Bwana Mkurugenzi Mkuu na Waheshimiwa wajumbe wa kamati ya uongozi wa kampuni yetu

Yahusu: ujazaji na upimaji wa mitungi yenye hewa iliyoongezwa oksijeni

Bwana Mkurugenzi,

Kwa heshima yote ninayowiwa nanyi, nawaandikia hadharani baada ya kuwaandikia faraghani mara tatu. Barua ya kwanza ilipigwa muhuri wa kupokelewa na safari yake ikaishia hapo. Ya pili ilijibiwa kwa mdomo, mlangoni, na mtu aliyekuwa tayari ameshika ufunguo wa gari. Ya tatu ilizaa mkutano wa dakika ishirini ambamo tuliambiwa kwamba wapiga mbizi wa Goma wamezoea kulalamika. Kwa kuwa ninayoyasema yanawagusa pia wenye mashua na wenye magati wanaotukodi, pamoja na jamaa zetu wanaotungojea Himbi, Kyeshero na Majengo, nimeona ni haki nao wayasome. Jina la kampuni nimeliacha makusudi. Nataka mitungi irekebishwe, na kuwaaibisha ninyi hakutanisaidia kitu nikiwa mita 30 chini ya maji.

Wako watakaosoma bila kujua nitroksi ni nini, na kwao naomba aya mbili. Hewa ya kawaida ina oksijeni karibu asilimia 21, na sehemu iliyobaki karibu yote ni nitrojeni. Chini ya maji, shinikizo huisukuma nitrojeni hiyo kuingia katika damu na minofu, na mtu akikaa sana kisha akapanda upesi, hutoka kwa mapovu kama soda iliyotikiswa na kufunguliwa, mapovu ambayo huweza kuumiza viungo, kupooza miguu au kuua. Nitroksi ni hewa iliyoongezwa oksijeni, mara nyingi hadi asilimia 32 au 36, ili nitrojeni ipungue na muda wa kufanya kazi chini uongezeke. Morgan Wells wa NOAA, shirika la Marekani la bahari na anga, aliiandalia taratibu zake katika miaka ya 1970, na mwaka 1985 Dick Rutkowski akaanza kuifundisha kwa wapiga mbizi wa kawaida. Ni kitu kizuri, nami nakitumia kwa hiari yangu.

Lakini oksijeni nayo ina sumu yake, na jambo hilo si geni: Mfaransa Paul Bert alilieleza mwaka 1878. Ikivutwa kwa shinikizo kubwa, huushambulia ubongo na kuleta degedege, mara nyingi bila dalili yoyote ya kutangulia. Degedege likimpata mtu nchi kavu, analazwa ubavu na kusubiriwa. Likimpata chini ya ziwa, mdomo unaachia kifaa cha kuvutia hewa na mapafu yanajaa maji. Ndiyo sababu wanaoijua kazi hii hawaruhusu shinikizo la oksijeni lizidi bari 1.4 (bari moja ni karibu sawa na kandamizo la hewa pwani) wakati mtu anafanya kazi, na 1.6 wanaihesabu kuwa ukuta usiovukwa. Asiyejua asilimia ya oksijeni iliyomo mtungini hawezi kujua ukuta huo uko kina gani, na malalamiko yangu yote yanatoka hapo.

1. Kipima oksijeni cha kampuni kinatudanganya.

Jumatatu moja asubuhi nilikitoa kipima hicho katika chumba cha kompresa, ile mashine ya kushindilia hewa mitungini, nikaenda nacho mbali na mitungi, nikakiweka juu ya ukuta wa mawe meusi ya volkano, upande unaopigwa na upepo wa ziwa. Hewa ya Goma ina oksijeni asilimia 20.9, sawasawa na hewa ya Mombasa kilikotoka kifaa hicho. Nilingoja namba itulie. Kioo kiliandika 17.8.

Nilipomwonyesha mzee wetu wa karakana, ambaye kwa heshima sote tunamwita Papa Fundi, alinijibu bila kushangaa: «Ongeza tatu, mwanangu. Ndivyo tulivyoambiwa.» Simlaumu, kwa maana hakuna aliyemfundisha zaidi ya hilo. Ila naomba ninyi mliomwambia mnifuate polepole katika hesabu ifuatayo.

Kipima hiki hakihesabu asilimia. Kinahisi shinikizo la oksijeni, kisha kinaligeuza kuwa asilimia kwa kulinganisha na hewa kilichorekebishiwa. Ziwa letu liko mita 1,460 hivi juu ya usawa wa bahari, na hewa inatukandamiza hapa kwa bari 0.85 tu badala ya bari moja ya pwani. Kifaa kilichorekebishwa pwani na kuletwa Goma bila kurekebishwa tena kitapunguza kila kitu kwa kiasi hicho hicho: 20.9 inakuwa 17.8. Kwa hewa ya kawaida, kuongeza tatu kunatoa jibu sahihi, na hapo ndipo mtego ulipo, kwa sababu kosa hili ni la uwiano na linakua pamoja na oksijeni. Kioo kikisoma 32, ndani ya mtungi mna karibu 37.6. Anayeongeza tatu anaandika 35 na kudhani amejilinda, na asiyeongeza kitu, kama wengi wetu tulivyokuwa tukifanya, anaandika 32 na kwenda kuvaa.

Mchanganyiko wa 32 baharini una mwisho wa mita 33 kwa kipimo cha 1.4, na hilo ndilo jedwali lililobandikwa ukutani kwetu. Mchanganyiko wa 37.6 katika ziwa hili unafikia mwisho wake mita 29 hivi. Mpiga mbizi anayeamini jedwali na kushuka hadi 33 anakuwa anavuta oksijeni kwa shinikizo la bari 1.5 na ushei, huku anakaza boliti na kuhema. Hajavunja kanuni hata moja ya kampuni.

Dawa yake haigharimu hata faranga: kila asubuhi kifaa kiwashwe kwenye hewa safi hapa hapa Goma, namba itulie, kitufe kizungushwe hadi isome 20.9, ndipo mtungi wa kwanza upimwe. Kitufe chetu kimefungwa kwa gundi. Tuliambiwa ni ili wapiga mbizi wasikiharibu.

2. Hakuna daftari la kujazia, na vibandiko vya mitungi ni vya kubahatisha.

Sisi tunachanganya kwa njia ya kuingiza oksijeni kwanza. Ili kupata 32 katika mtungi mtupu, unaingiza oksijeni bari 28, halafu unajaza hewa hadi bari 200. Siku moja zamu ya asubuhi iliingiza zile 28, umeme ukakatika, wakaenda kula. Zamu ya mchana ilikuta mtungi umeunganishwa, ikaingiza 28 nyingine, kisha hewa hadi 200. Hakuna aliyekosea kazi yake. Walikosa tu mahali pa kuandikiana. Mtu mmoja akakata kipande cha plasta nyeupe, akaandika «32» kwa kalamu ya bluu bila jina wala tarehe, akakibandika begani mwa mtungi.

Mtungi huo ulikuwa wangu. Nilikuwa nimekwisha kuufunga kwenye vesti, na kazi ilikuwa mnyororo wa nanga ulioko mita 30. Nilinusurika kwa sababu wiki hiyo rafiki yangu alikuwa ameniazima kipima chake, nami nilikuwa nimekirekebisha alfajiri uani kwangu. Kilisoma 43. Katika kina cha mita 30 cha ziwa hili, 43 inatoa bari 1.63. Niliufungua ule mkanda, nikaketi juu ya jiwe, na kwa muda sikuweza kusema na mtu.

Kuna pia kosa la upande wa pili ambalo halionekani kwa sababu haliui papo hapo. Mtungi wa 36 uliobaki na bari 100 unajaziwa hewa ya kawaida hadi 200, na plasta ya zamani inabaki ilipo. Ndani sasa mna 28.5. Mpiga mbizi anatumia muda wa kukaa chini ulioandikwa katika jedwali la 36 na kubeba nitrojeni ambayo hakuihesabu.

Kanuni ya dunia nzima katika jambo hili ni nyepesi: atakayeuvuta mtungi aupime mwenyewe, au ashuhudie unavyopimwa, kisha juu yake yaandikwe asilimia, kina cha mwisho, tarehe na jina la aliyepima, na daftarini mpiga mbizi atie sahihi yake. Mtungi usio na maandishi hayo ni mtungi usiojulikana, hata kama umejazwa na malaika.

3. Oksijeni safi inaingizwa katika mitungi yenye mafuta.

Tulipofungua vali ya mtungi mmoja ili kubadilisha mpira wake, nilipitisha kidole shingoni kwa ndani, nikatoka na utando wa rangi ya kahawia, wenye utelezi na harufu ya mafuta ya kompresa. Mtungi huo huo hupokea oksijeni safi mara mbili kwa wiki. Mitungi mikubwa ya oksijeni tunaletewa kutoka kwa wachomeleaji vyuma, imelazwa juu ya chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kusukuma mizigo, na vali zake zimeshikwa na mikono iliyotoka kwenye grisi.

Oksijeni yenyewe haiwaki, lakini huifanya grisi iwake kwa kishindo, na hata chuma huungua ndani yake. Gesi ikiingia kwa kasi katika nafasi ndogo hupata joto kali, hivyo yule kijana anayefungua vali kwa mkupuo mmoja ili awahi chakula anaweza kuwasha moto bila kiberiti. Mtungi na vali vinavyopokea oksijeni safi vinapaswa kusafishwa mahususi kwa ajili hiyo na kuwekewa mipira na grisi inayohimili oksijeni. Hewa inayofuata ichujwe mvuke wa mafuta. Na vali ifunguliwe taratibu, nusu mzunguko kwa nusu mzunguko.

Katika ule mkutano mlitujibu kwamba mchanganyiko wetu haufiki asilimia 40, na kwamba chini ya 40 vifaa vya kawaida vinatosha. Ni kweli kwamba desturi hiyo ipo, ila inahusu vifaa vinavyopokea gesi iliyokwisha kuchanganywa. Mtungi unaoingizwa oksijeni kwanza unakaa dakika kadhaa na gesi ambayo ni oksijeni tupu au karibu tupu, na moto hautasubiri hewa iongezwe ndipo uamue kuwaka.

4. Kompresa inavuta hewa kutoka mahali pabaya.

Mtoto wa Goma anaijua mazuku kabla hajajua kusoma. Tunajua kwamba karibu na ziwa na katika mabonde ya lava kuna gesi ya kabonidioksidi inayotoka ardhini, nzito kuliko hewa, inayolala chini kama maji na kuua mbuzi na watu wanaoinama au kulala ndani yake. Pamoja na hayo, bomba la kuvutia hewa la kompresa yetu limewekwa kwa urefu wa goti, katika kile kishimo kinachoteremka ziwani, na umeme ukikatika jenereta inanguruma hatua sita kutoka hapo.

Kuna siku watatu kati yetu tulipanda na vichwa vinavyogonga kama nyundo, na mmoja alitapika ndani ya mashua. Tuliambiwa ni jua. Sina kipimo cha kuthibitisha ilikuwa nini, na kutokuwa na kipimo ndilo lalamiko langu. Ninachojua ni kwamba moshi wa jenereta una monoksidi ya kaboni, na kwamba katika mita 30 za ziwa hili mtu anavuta gesi kwa shinikizo linalozidi mara nne lile la juu, kwa hiyo sumu ndogo isiyoonekana uani inakuwa sumu kubwa kule chini. Zaidi ya hayo, kabonidioksidi ikizidi mwilini humfanya mtu apatwe na degedege la oksijeni upesi zaidi. Matatizo haya mawili, nitroksi isiyopimwa na bomba lililo shimoni, yanasaidiana.

5. Majedwali ya ukutani ni ya bahari, nasi tuko mlimani.

Hapa nitasema kwa ufupi. Kwa kuwa hewa ya juu yetu ni nyepesi, mbizi ya mita 20 hapa Goma inapaswa kuhesabiwa kama ya mita 23 na nusu katika jedwali la bahari, yaani kusogezwa hadi mstari wa 24. Nitroksi haifuti hesabu hiyo. Aidha, wapiga mbizi waliotoka majini alasiri hawapaswi kupakizwa kwenye gari jioni ile ile kupanda milima ya Masisi kwa kazi nyingine. Kabla ya kupanda ndege hushauriwa kungoja angalau saa 12 baada ya mbizi moja na saa 18 baada ya mbizi za mfululizo, na mwili hautofautishi ndege na mlima. Katika karatasi zetu za kazi hakuna namba ya simu ya chumba chochote cha shinikizo cha kutibia mapovu, popote pale.

Bwana Mkurugenzi, najua majibu yatakayokuja kwa sababu nimekwisha kuyasikia.

Mtasema fedha hakuna. Kati ya niliyoyataja, kurekebisha kipima, kuandika daftari, kuhamisha jenereta na kufungua vali taratibu havihitaji bajeti. Bomba la hewa kupelekwa juu ya paa ni kazi ya fundi mmoja kwa siku moja. Kinachohitaji fedha ni kihisio kipya cha kipima, kwa kuwa kilichomo kimepitisha tarehe iliyoandikwa mgongoni mwake, pamoja na usafishaji wa mitungi na vichujio vya kompresa. Nakiri kwamba hivyo si rahisi. Lakini nitroksi mnaiuza kwa wateja kama huduma ya hali ya juu, na kwenye ankara ina mstari wake peke yake.

Mtasema sisi si wahandisi. Ni kweli, nami ningefurahi sana kama mhandisi angekuja. Hesabu nilizozileta ni za kuzidisha na kugawanya, na yeyote kati yenu anaweza kuzirudia kwa simu yake.

Mtasema hakuna aliyekufa. Tangu mashua ilipozama mbele ya bandari ya Kituku, hapa Goma, mnamo Oktoba 2024, mji huu unawaangalia wapiga mbizi kwa jicho jingine, na simu ikilia usiku tunajua tunatakiwa tuwe majini upesi. Usiku huo hatutapata nafasi ya kuuliza ni nani aliyejaza mtungi na amekula saa ngapi. Tutachukua ule uliopo, tutasoma plasta kwa tochi, tutashuka. Kwa hiyo mtungi lazima uwe umesema kweli tangu mchana.

Tunayoyaomba ni haya. Kipima kipewe kihisio kipya, kitufe chake kitolewe gundi, na kirekebishwe hapa Goma kila asubuhi mbele ya mpiga mbizi mmoja. Mtungi wowote usio na asilimia, kina cha mwisho, tarehe na jina usitoke chumbani. Kuingiza oksijeni safi kusimamishwe hadi mitungi itakapotengwa, isafishwe na kupewa alama yake. Bomba la hewa lipandishwe juu ya paa, upande wa mbali na jenereta. Jedwali la bahari libanduliwe na kuwekwa la mwinuko wetu. Na Papa Fundi pamoja na vijana wake wawili wapelekwe mafunzo ya kuchanganya gesi, kwa gharama ya kampuni, bila kukatwa mshahara, kwa sababu wao ndio wanaosimama karibu zaidi na moto.

Tunawapa siku 14 kuanzia leo mtujibu kwa maandishi. Katika siku hizo hatutashuka na nitroksi. Tutafanya kazi kwa hewa ya kawaida, kwa muda wake mfupi, na hata hiyo tutaivuta pale tu bomba litakapokuwa limetolewa shimoni. Anayetaka kutuita wagomaji na atuite, ila aandike pia kwamba kila asubuhi tulikuwa kazini saa moja kamili.

Daftari la mistari nimelinunua mwenyewe Birere. Liko juu ya meza ya kompresa, kalamu imefungwa kwa uzi. Nimechora safu sita: namba ya mtungi, oksijeni iliyosomwa, kina cha mwisho, tarehe, aliyepima, atakayevuta. Ukurasa wa kwanza bado ni mweupe.

Wenu katika kazi,

Mpiga mbizi wa zamu ya pili, kwa niaba yangu na ya wenzangu watano waliotia sahihi nakala iliyo mezani kwenu